Tonge la Kucheua

Mkamuaji aliweka sikio kwenye ubavu wa kushoto wa ng'ombe wake, akaziba sikio la pili kwa kiganja ili asimsikie jogoo wa jirani. Akangoja. Ubavu wa ng'ombe mzima hunguruma, hunyamaza kidogo, kisha hunguruma tena. Huu ulikuwa kimya. Alichosikia ni moyo tu, nao ulikuwa na haraka isiyo na maana.

"Wewe Mkemwenza," alimwambia, "usinifanyie hivyo."

Jina hilo alilitoa yeye mwenyewe enzi za marehemu mumewe, ambaye kila akirudi nyumbani alipitia zizini kwanza, akapiga soga huko mpaka chakula kikapoa. Walilicheka sana jambo hilo. Mume alipokufa walibaki wawili, na kama wake wenza wengi waliofiwa, wakajikuta hawana mwingine wa kumwegemea. Sasa walikuwa na mtoto wa kulea, mjukuu ambaye hajaanza hata kutembea. Mama yake alikwenda mbali kutafuta kazi. Kazi aliipata, yeye ndiye hakupatikana tena. Mtoto alikuwa akinywa maziwa ya Mkemwenza asubuhi na jioni. Tangu kiwele kinywee, alikuwa akinywa uji mwepesi unaopita tu, kisha analala huku ananyonya kona ya shuka.

Ugonjwa ulianzia kwenye machicha. Zamani bondeni palikuwa malisho ya kila mtu. Kisha Mheshimiwa akalipenda bonde. Mapenzi yake yalikuja na nguzo za zege na waya, na waliokwenda kuuliza waliulizwa wao wana hati gani. Tangu hapo ng'ombe wa watu walifungwa kamba uani, wakala maganda na majani ya kando ya barabara, mwishowe wakauzwa mmoja mmoja, na mnunuzi alikuwa yule yule. Mkemwenza peke yake ndiye aliyebaki. Alilishwa machicha ya kiwanda cha bia yalipopatikana, na haya ya mwisho yalikuwa yamechacha. Alikata kamba, akayavamia na kuyamaliza yote. Akaharisha.

Mkamuaji alimpigia simu bwana mifugo, anayelipwa na serikali kutibu mifugo ya watu wa pale. Akaambiwa anakuja. Akapiga tena, akaambiwa yuko njiani. Hiyo njia haikuwa na mwisho. Basi akachukua vidonge vya rangi mbili alivyopewa zahanati kwa ajili ya kifua chake, akavifungua vyote kwenye chupa ya maji, akamnywesha ng'ombe. Aliona si haki yeye apone kifua na mwenzake afe kwa tumbo. Kuhara kukakoma. Kula nako kukakoma, na kucheua kukakoma.

Asubuhi hiyo, alipofika kwenye kibarua chake cha kukamua shambani kwa Mheshimiwa, alimkuta bwana mifugo amewahi kabla ya watu wote, anachanja ng'ombe wa Mheshimiwa. Kati yao wawili, mwenye mvi alikuwa mkamuaji. Lakini shikamoo ilitoka kwake.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba. Sema, mama."

Akamweleza.

"Ulimpa nini?"

"Rangi mbili."

"Kwa mdomo?"

"Sasa ningempa kwa wapi, baba?"

Bwana mifugo akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na alipenda kueleza mambo.

"Mama, umefanya mauaji. Ng'ombe hawezi kumeng'enya majani, hata kidogo. Mle kwenye tumbo kubwa wanaishi bakteria, wengi hawahesabiki. Kazi yote wanaifanya wao. Yeye anasimama tu, ananenepa, anasifiwa. Sasa umewaua."

"Sikujua."

"Hukujua, lakini wamekufa."

"Na dukani hawauzwi?"

"Wako midomoni mwa wenzake." Alinyoosha sindano kuelekea mstari wa ng'ombe waliokuwa wakicheua, macho nusu yamefumba. "Ng'ombe mzima akirudisha tonge mdomoni, unalichukua, unamsukumia mgonjwa kooni likiwa bado na joto. Matonge mawili matatu, tumbo linaweza kuamka. Likipoa, umetwanga maji. Na usichelewe. Kwa unavyonieleza, ukipitisha kesho, tafuta wa kukuchimbia shimo."

Alimshukuru mpaka akapiga goti. Kisha akaenda kwa Msimamizi, mpwa wake Mheshimiwa, kijana aliyempita kwa kimo lakini angeweza kuwa mwanawe wa mwisho.

"Naomba tonge, mwanangu."

"Tonge la nini?"

"La ng'ombe. Lile analocheua. Moja tu."

Msimamizi alimtazama aone kama anataniwa. "Hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Wa Mheshimiwa."

"Kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Pembe mpaka mkia."

"Na vya katikati je?"

Mkamuaji akaitazama ndoo aliyoishika.

"Nikikupa wewe tonge leo," Msimamizi alisema, "kesho lango litajaa watu na mabakuli. Nenda kakamue."

Siku ile alikamua vibaya, na jioni hakula. Alimwogopa Msimamizi, lakini aliogopa zaidi ule uji mwepesi. Kesho yake alimchagua ng'ombe mwekundu mwenye nundu iliyolala upande, ambaye zamani alikuwa wa jirani yake na alimzoea tangu akiwa ndama. Alikamua huku akiitazama shingo. Tonge lilipopanda chini ya ngozi, likafika, taya zikaanza kusaga, aliinuka, akapitisha mkono pembeni mwa mdomo pale pasipo na meno, akalitoa. Lilikuwa la kijani, zito, la moto kuliko alivyotarajia. Akalifunga kwenye leso, akalisukuma ndani ya blauzi, chini ya ziwa la kushoto, mahali pake penye joto. Ng'ombe mwekundu alitafuna hewa kidogo, kisha akaleta jingine. Hakupungukiwa na kitu.

Langoni, wakamuaji walijipanga kama siku zote, kila mmoja akimpumulia Msimamizi usoni ili anuse aliyeonja maziwa. Pumzi ya mkamuaji haikuwa na kosa. Kifua ndicho kilichomchongea: upande mmoja wa blauzi ulikuwa umelowa.

"Bibi, kwa umri huo unavuja nini?"

Wenzake wakacheka. Walipoiona ile rangi ya kijani, wakaacha kucheka, na kila mmoja akaangalia kwake.

Leso ilifunguliwa juu ya meza ya ofisi. Bwana mifugo, aliyekuwa hajamaliza kuchanja, akaitwa.

"Anasema ni wewe uliyemtuma," Msimamizi alisema.

Bwana mifugo alilitazama tonge. Halafu akatazama dirishani, kwenye pikipiki yake, ambako dumu la maziwa alilozoea kupewa kila akija lilikuwa limeshafungwa kwa mpira.

"Mimi naongea na watu wengi," alisema. "Siwezi kukumbuka kila neno."

"Baba, jana tu—"

"Na kitaalamu, huo mkono umetoka kwa ng'ombe mgonjwa, ukaingia kwenye kinywa cha ng'ombe mzima. Ni hatari. Huyu mwekundu itabidi nimwangalie kila siku."

"Unaona?" Msimamizi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mtu mzima unampokonya mnyama tonge mdomoni. Huna hata huruma?"

Macho ya mkamuaji yalikuwa kwenye leso. Tonge lilikuwa bado linatoa mvuke mwembamba.

"Niwekeni mimi," alisema. "Nitakaa hapa mpaka mtakapochoka wenyewe. Ila hilo mpelekeeni. Ni hapo tu nyuma ya waya. Linapoa, wanangu."

Hakuna aliyeinuka. Mheshimiwa alikuwa mkutanoni, na bila yeye hakuna aliyejua wizi wa namna hii unaitwaje. Akakalishwa sakafuni karibu na mlango. Mvuke ukaisha. Tonge likafanya ngozi juu, likawa jeusi ukingoni, nzi wakalijua. Aliomba aliguse kwa kidole tu. Akaambiwa kidhibiti hakiguswi.

Simu ilipolia jua lilikuwa limeshatoka mlangoni.

"Mheshimiwa amekuonea huruma," Msimamizi alisema alipoikata. "Hataki mambo ya polisi kwa mtu mzima. Kesho usije tu. Wala keshokutwa."

Akaishika leso kwa ncha za vidole, akatoka nayo mpaka zizini. "Mali irudi kwa mwenyewe," alisema, akalidondosha tonge mbele ya ng'ombe mwekundu. Ng'ombe akalinusa, akageuza kichwa.

Nyumbani, mkamuaji alimchukua mtoto kwa jirani, akatandika mkeka uani. Mkemwenza alikuwa amelala, shingo ameikunjia ubavuni, pua imekauka. Alimwekea sikio. Akaliinua. Alimchukia bwana mifugo, akamchukia Msimamizi, lakini chuki hiyo haikuwa na joto la kutosha kufanyia kitu chochote. Akaenda kwenye waya, akapitisha mkono mpaka begani, akang'oa majani upande wa pili. Yalikuwa marefu; ng'ombe wa Mheshimiwa walilishwa zizini, na hakuna aliyeyala mwaka mzima.

Akaketi karibu na kichwa cha ng'ombe, akajaza majani kinywani mwake, akayatafuna. Alijua vizuri kwamba wale wadudu hawamo kinywani mwa mtu, aliambiwa, akaelewa. Alitafuna mpaka taya zikauma na utomvu wa kijani ukamshuka kidevuni. Akalitoa tonge, akalikanda, akamfunua Mkemwenza mdomo, akamsukumia.

Taya hazikufunga. Tonge likateleza, likaangukia mkekani. Akaliokota, akalirudisha kinywani mwake, akaanza upya.

Mtoto alikuwa akiufuata ule mkono kwa macho, kinywa kwa kinywa. Akajisogeza kwa makalio mpaka karibu na goti la bibi yake, akapanua mdomo, akangoja zamu yake.