Vipande Vitatu vya Magugu

Kutoka chumba cha Bi Klara, Mtaa wa Sikukuu, mpaka shambani kwake ukingoni mwa bonde la Jangwani ni mwendo wa kumaliza rozari moja. Masika ile ya mwaka sabini na tano aliifanya safari hiyo kila asubuhi na jembe begani, na siku nyingine jembe likarudi bila hata chembe ya tope. Hilo ndilo lililomuumiza. Mwanamke aliyezaliwa Peramiho, kwa watu wa jembe, anaamka alfajiri kwenda kutazama magugu yanavyonawiri!

Shamba lilikuwa lake, lakini kazi ya mwaka ule ilikuwa ya Selina, mjukuu wake, aliyekuwa anamalizia masomo ya kilimo chuoni Morogoro. Walimu walitaka kila mwanafunzi afanye jaribio lake kwenye shamba la mkulima wa kweli. Basi Selina alilikata shamba la bibi yake vipande tisa kwa kamba, akapanda mahindi, akachomeka kijiti chenye namba kila kipande. Vitatu vipaliliwe mara mbili, vitatu mara moja, na vitatu visiguswe mpaka mavuno.

"Visiguswe?" Bi Klara aliuliza.

"Hata kwa kidole, bibi. Nataka nijue magugu yanakula mahindi kiasi gani. Bila vipande vilivyoachwa, nitalinganisha na nini?"

"Mke mwenzangu, yaani wamekusomesha miaka yote hiyo ukagundue kwamba magugu ni mabaya?"

Selina alicheka mpaka akashikilia mpini wa jembe. Kisha uso ukabadilika. "Bila vipande hivi vitatu sina mtihani, bibi. Na mwaka wa mwisho haurudiwi. Ukianguka, umeanguka."

Bi Klara akaahidi, na ahadi yake aliishika.

Tatizo ni kwamba ulikuwa mwaka wa kilimo cha kufa na kupona. Mvua za nyuma zilikuwa zimekataa, watu walipanga foleni ya unga wa njano tangu kabla ya jua, na redio haikuwa na neno lingine ila kulima. Hata makarani wa mjini walipewa vishamba bondeni. Sasa kila aliyepita njia ile aliyaona magugu ya Bi Klara yamefika kiunoni.

"Bi Klara, humo unafuga nyoka?" alimtania Candida, mpangaji mwenzake.

Angejibu nini? Kwamba mjukuu wake kapelekwa chuo kikuu kusomea majani? Aliona watacheka, na kicheko kitamwangukia Selina. Na kusema kweli kingemwangukia yeye kwanza, na tangu azaliwe hajawahi kuitwa mvivu. Akasema, "Mgongo, mwanangu. Mwaka huu mgongo umenikataa."

"Maskini! Pole, mama."

Uongo ukapokelewa vizuri, ukaenea nyumba kumi zote za balozi wao. Tangu hapo ikambidi kila apitapo mbele za watu ainame kidogo, na akivuka barabara anyooke.

Jumamosi moja mwishoni mwa Aprili alikwenda kwenye foleni ya unga, akaupata saa sita mchana. Anarudi kwa Barabara ya Msimbazi, mfuko kichwani, akakutana na kundi la watu kama kumi na wawili, majembe begani, miguu tope tupu, wanaimba. Mbele alikuwa Mzee Sadalla, balozi wa nyumba kumi. Nyuma yake Pantaleo, kuli wa bandarini, na Candida na wengine.

"Bi mkubwa, leo ulale usingizi!" balozi akapaza sauti. "Tumekumalizia."

"Mmenimalizia nini, ndugu balozi?"

"Shamba! Jumatatu kamati ya kata inapita bondeni. Shamba lenye majani wananyang'anya, wanampa mwingine. Tukasema haiwezekani, mama yetu asipokonywe shamba kwa sababu ya mgongo."

"Bibi, mimi nimebeba magunia ya meli na meli," alisema Pantaleo akijifuta jasho, "lakini ndago zako zimenitoa pumzi!"

"Mmepalilia... vyote?"

"Vyote. Hata vile vijiti vilivyokuwa vinakwaza majembe tumeving'oa." Candida akamkabidhi kitita kilichofungwa kwa ukindu. "Shika, kuni hizo."

Bi Klara alivitazama vijiti. Namba za Selina zilikuwa bado zinasomeka.

Kwao Peramiho, mtu aliyekuja kukulimia bila kuitwa haambiwi neno baya, anapikiwa. Bi Klara akasema, "Asanteni, wanangu. Mungu awalipe." Nusu ya unga ule akapika uji, wakanywa uani wakitaniana. Pantaleo akaomba aongezewe, akaongezewa.

Jumapili hakwenda misa. Alikwenda bondeni peke yake, akayakuta magugu yametupwa pembeni, rundo limelegea. Akapiga magoti. Akaanza kuyarudisha: ndago, mchunga, mbigili, moja moja, akitoboa tundu kwa kidole na kushindilia udongo. Alikuwa amefika nusu ya kipande cha kwanza Selina alipotokea, moja kwa moja kutoka kwenye basi la Morogoro, futi ya kupimia shingoni na daftari mkononi.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa mazoea. Kisha akaliona rundo.

"Marahaba. Tazama, haya ya huku yameanza kusimama. Jioni nikiyamwagia maji..."

"Bibi."

"Ndago haifi upesi, wewe mwenyewe unajua."

"Bibi, inuka."

Akamshika kwapani, akamwinua, akamfuta magoti kwa pindo la khanga. Hakupiga kelele. Bi Klara akamweleza yote, na ya mgongo hakuyaficha. Selina akakaa kwenye tuta, akafungua daftari, akaandika tarehe.

"Unaandika nini?"

"Nilichokikuta."

"Si ukisie tu, mama? Ulishayaona yalivyokuwa. Nani atajua?"

"Nikibuni namba, kesho kuna mkulima ataambiwa aifuate. Hapana, bibi."

Mwezi wa Juni mwalimu wa Selina akaijibu barua yake ya kueleza yaliyotokea. Huenda wakamruhusu arudie jaribio msimu mmoja, ikiwa mwenye shamba atatoa maelezo mbele ya balozi, yenye muhuri wa kata, kuonyesha kwamba kosa si la mwanafunzi. Yafike kabla bodi ya mitihani haijakaa mwisho wa Julai.

Bi Klara akaenda barazani kwa balozi. Mashahidi ndio walewale waliolima. Akasema yote, kwa sauti, akiwa amenyooka wima.



"Kwa hiyo, bibi," Pantaleo akauliza polepole, "mgongo ulikuwa mzima?"

"Mzima, baba."

"Nasi tukaja kukuharibia."

"Nimejiharibia mwenyewe."

"Si ungetuambia tu!" Candida akafoka, macho yamejaa maji. "Tangu lini sisi hatuelewi jambo? Au hatujasoma, ndiyo?"

Mzee Sadalla aliandika, wakatia sahihi na dole gumba. Lakini muhuri ulikuwa kwa katibu wa kata, na katibu alikuwa vijijini kwenye operesheni ya kuhamisha watu. Bi Klara alishinda kwenye benchi la ofisi ile asubuhi kumi na tisa. Barua ilipopata muhuri ikaenda Morogoro, ikafika siku nne baada ya bodi kukaa.

Jina la Selina halikutoka kwenye orodha ya waliofaulu. Wakampa kazi ya msaidizi wa bwana shamba huko Nachingwea, kupimia watu mbegu katika kijiji kipya. Aliondoka Septemba na sanduku moja. Daftari aliliacha juu ya kabati. Bi Klara alisubiri agombezwe, hata neno moja, mpaka basi likaondoka. Selina alimpungia mkono tu.

Vuli ikanyesha, majani yakaota upesi kama kawaida yake. Bi Klara alianza palizi Jumatatu, peke yake, kwa jembe lilelile. Watu wa nyumba kumi walipita njiani kwenda kwenye vishamba vyao. Wengine walisalimia, wengine waliona haraka imewazidi.

Pantaleo alisimama.

"Kazi, bibi."

"Kazi tu, baba."

Alibaki pale kidogo, jembe begani, kama mtu anayengoja kuitwa. Bi Klara alimwona. Aliinama, akalishika gugu lililofuata, akaling'oa. Aliponyanyua kichwa, Pantaleo alikuwa amekwenda zake.