Programu ya Kumstahi Mwalimu Ngowa

Sisi watu wa Mombasa tuna staha mpaka inatudhuru. Nasema hivi nami nimezaliwa Kuze na kulelewa Kuze, na ukinikuta njiani nitakuamkia na kukuuliza hali ya watoto kabla sijakwambia kwamba nguo yako inaburura matopeni. Lakini staha ya afisi yetu, mwaka ule tulipotaka kununua kompyuta ya kuchorea majengo, ilinishinda.

Afisi yenyewe ilikuwa Ndia Kuu, orofa ya juu ya duka la vitambaa. Mwenye afisi alikuwa Bwana Aidarus, msanifu majengo, mtu mpole hata simu alikuwa akiiomba radhi kabla ya kuikata. Mimi, Mwanabaraka, nilikuwa karani wake. Mchoraji mkuu alikuwa Ngowa, nasi tukimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kusomesha skuli. Ndiye aliyemfunza Bwana Aidarus kushika kalamu ya wino alipokuwa kijana. Bwana Aidarus akenda ng'ambo, akarudi na shahada, akafungua afisi na kumwajiri mwalimu wake. Lakini mpaka siku hizo akifika kwenye meza ya mzee, alisimama hadi aambiwe aketi.

Michoro ya Mwalimu ilijulikana mji mzima kwa kona zake. Akichora chumba, mistari miwili ya ukuta haikukoma pale ilipokutana. Aliipitisha kidogo, ikapishana, kama miyaa kwenye pembe ya mkeka kabla haijakatwa. Hakutia jina kwenye mchoro na hakuwa na haja ya kutia. Waashi wakiziona kona zile walijua ni kazi ya nani, na hawakubisha vipimo.

Basi wateja wakaanza kutukimbia. Wenye mahoteli walitaka michoro ya kompyuta, na walisema waziwazi kwamba ya mkono ni ya zamani. Bwana Aidarus akaona hana budi. Akaletewa programu mbili achague moja.

Ya kwanza ilikuwa ya kuandika. Unabonyeza tarakimu: mstari uanzie hapa, uwe na urefu huu, uelekee huku, kompyuta inauchora yenyewe. Joy, mchoraji wetu wa pili, alikuwa amesomea hiyo chuoni na akaisifu sana. Ya pili ilikuja na kibao na kalamu ya waya. Unachora juu ya kibao kwa mkono wako, na mstari unatokea kwenye kioo vilevile ulivyouchora.

Bwana Aidarus akaipenda ya kibao mara moja. Alituambia mimi na Joy, kwa sauti ya chini, kwamba Mwalimu ameishi na kalamu maisha yake yote na si adabu kumnyang'anya uzeeni na kumpa vibonye kama karani wa posta. Joy akaambiwa asiitaje tena ile ya tarakimu mbele ya mzee, asije akajiona amepitwa na wakati. Joy akatii. Mwalimu alipoulizwa rai yake alisema tu kwamba wenye kuamua ni wao.

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuniwaka, kwa sababu mimi nilijua jambo wasilolijua wao.

Kila asubuhi muuza kahawa alikuwa akipanda ngazi zetu na dele lake, nasi tukiacha kazi tukanywa pamoja. Mwalimu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kisha siku moja akasema kahawa imemkataza usingizi, ameiacha. Nikasadiki. Lakini siku nyingine niliingia jikoni bila kubisha hodi nikamkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu anayemzuia kuku asiruke, na kahawa inamwagika juu ya viatu vyake. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka toka begani. Nikaona uchungu moyoni, maana mkono ule ndio uliochora nusu ya nyumba mpya za kisiwa hiki.

Hakunificha. Aliniambia yalianza zamani, polepole, na daktari amesema hayataondoka. Ndiyo maana alikuwa akija alfajiri kabla yetu, achore akiushika mkono kwa mkono. Ndiyo maana maandishi yote ya michoro alimwachia Joy, eti ajizoeze. Wino ukiruka, aliukwangua kwa wembe. Kisha akaniangalia, akaniambia, "Nisitiri, Bi. Mwanabaraka." Nikamsitiri. Hilo mtu hakatai.

Sasa tazama tulipofika. Programu ya tarakimu ingemwokoa mzee, kwa kuwa haijali mkono una nini. Ya kibao ingemmaliza. Na ya kibao ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa, kwa kumheshimu yeye. Nilijaribu kumgeuza Bwana Aidarus kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia kibao kitaharibiwa na vumbi la chokaa, na waya zitatafunwa na panya wa Ndia Kuu. Akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa mjuzi wa kompyuta.

Nikamwendea Mwalimu mwenyewe, nikamwomba anipe ruhusa niseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia. Akazipanga kalamu zake kwenye kijaluba.

"Aidarus akijua hatanifukuza," alisema. "Atanistahi. Ataniwekea kiti pale dirishani, niletewe chai, niulizwe shauri. Nami sitaki kuulizwa shauri, mwanangu. Nataka kuchora."

Nikarudi kwenye taipu yangu na kuipiga kwa hasira mpaka Joy akaniuliza imenikosea nini.

Siku ya majaribio alikuja muuzaji, kijana wa Machakos aitwaye Kioko, mwenye tai nyekundu na Kiswahili cha haraka kisichokuwa na salamu. Aliweka kompyuta juu ya meza, akakiweka kibao pembeni. Ndani ya mashine alikuwa ametia programu zote mbili, tuone wenyewe. Bwana Aidarus akasema wa kwanza kushika kalamu ni Mwalimu, kwa heshima yake. Akamvutia kiti, akasimama nyuma yake na mikono kifuani.

Mwalimu alikaa. Aliitazama ile kalamu muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni, na nikiri nilitamani umeme ukatike, kama unavyokatika kila siku usipotakiwa kukatika. Haukukatika.

Akaishika kalamu, akaweka ncha kwenye kibao, akavuta. Juu ya kioo mstari ulitoka umekunjamana toka mwanzo hadi mwisho, kama uzi uliofumuliwa kwenye fulana kuukuu. Kwenye meza yake alikuwa na rula na wembe na alfajiri. Hapa hakuwa na kitu. Akajaribu tena, akavuta polepole zaidi, na ukawa mbaya zaidi. Kisha akaiweka kalamu chini na kuuficha mkono chini ya meza. Ikasikika mikokoteni barabarani.

Bwana Aidarus ndiye aliyesema kwanza.

"Kibao hichi kina ila, Bwana Kioko."

Kioko alifungua kinywa kubisha, akamtazama mzee, akamtazama Bwana Aidarus, akaelewa. Akasema ni kweli, pengine kilipata mtikisiko njiani, atakirudisha Nairobi. Joy akaitikia, naye akasema alikwisha kuona kwamba kibao hakiko sawa. Kila mmoja akatia tonge lake kwenye uongo ule mzuri. Kisha Bwana Aidarus akanitazama mimi, akingoja nami nitie langu. Mimi sikutia. Nilimwangalia Mwalimu tu. Kiti cha dirishani nilikuwa nikikiona, tayari kina mto wake.

Naye Mwalimu alinitazama. Sijui aliona nini usoni pangu. Akautoa mkono chini ya meza, akauweka juu, mbele ya wote, ukitetemeka.

"Kibao hakina ila, Aidarus," alisema. "Mkono wangu ndio wenye ila. Na si wa leo."

"Kwa nini hukunambia, Mwalimu?"

"Nawe kwa nini hukuniuliza? Karatasi zangu zimekwanguliwa mpaka zikatoboka. Uliziona."

Bwana Aidarus aliinamisha kichwa. "Niliziona. Nikaona haya."

"Nami niliona haya. Haya yako na haya yangu ndizo zilizochagua kibao hichi." Akamgeukia Joy. "Nifungulie ile yako ya tarakimu."

Joy akamfungulia na kukaa ubavuni pake. Mwalimu akaandika kwa kidole kimoja. Kidole kikagonga mara mbili, akafuta, akarudia. Sisi tumesimama. Bwana Aidarus aliinama kutaka kumsaidia, nikamvuta kanzu. Mara mstari ukatokea, umenyooka toka upande huu wa kioo hadi ule. Mzee akauongeza wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka zikawa kuta za chumba. Machozi yalimlengalenga, na mimi yangu nikayaacha yamwagike, sikuwa na haja ya kujizuia.

Akaigusa kona kwenye kioo kwa ukucha. Mistari ilikutana na kukoma palepale, haikupishana hata chembe.

"Hapa si mimi," alisema.

Joy akamwambia kwa upole kwamba inawezekana kuongeza urefu kidogo ili mistari ipitane, akitaka. Alifikiri. Kisha akatikisa kichwa.

"Wacha. Zile zilikuwa za mkono. Toka leo jina langu mtalipiga taipu pale chini, Bi. Mwanabaraka, watu wajue ni nani wa kulaumiwa."

Tulinunua ile ya tarakimu. Kioko alikuwa bado anafunga nyaya za kibao chake aliposikia kengele ya vikombe ngazini, na muuza kahawa akaingia. Nilipokea vikombe, nikawagawia watu, na mkono wangu kwa mazoea ukampita Mwalimu.

"Na mimi," akasema.

Nikammiminia nusu, kwa kumhurumia.

"Jaza."

Nikajaza. Akakiinua kwa mkono mmoja, ule wa kulia. Kahawa ikamwagika vidoleni, ikamwagika juu ya meza, karibu kabisa na kompyuta mpya ya watu. Bwana Aidarus aliona, na kitambaa chake akakiacha mfukoni. Alikaa, bila kuambiwa karibu, kwenye kiti cha pembeni ya mwalimu wake, akanyanyua kikombe chake naye, akanywa.