Kabati la Bwaloni

Kabati lililetwa kwa Manase juu ya mkokoteni, limelazwa chali na kufungwa kamba za katani, kama maiti inayorudishwa kwao. Watoto wa mtaa walilifuata nyuma wakiimba. Wanaume watatu walilishusha, wakalisimamisha sebuleni, na mmoja akajifuta jasho akasema, "Fundi, bosi Alute anasema liwake kabla ya Jumamosi. Anafungua baa yake. Anasema hapa mjini wewe tu ndiye unayelijua."

Ni kweli alilijua. Lilikuwa kabati refu la mbao lenye kioo kama cha televisheni, mkono wa kuchezea, vitufe vitatu, na chini yake bamba la chuma lenye tundu la kutumbukizia sarafu. Wazungu waliokuja kufunga mashine za kiwanda cha mafuta ya alizeti, enzi kiwanda kikiwa cha umma, ndio waliokuja nalo wakaliweka kwenye bwalo la wafanyakazi. Ukitia sarafu, vyombo vya adui vinashuka kutoka juu na wewe unavilipua. Baada ya zamu watu walipanga foleni. Na aliyewashinda wote alikuwa Yustina, mke wa Manase, mfagiaji wa mashudu, anayecheza kwa mkono wa kushoto huku anacheka. Wanaume walikuwa wakinuna, wanasema kabati linampendelea.

Wazungu walirudi kwao, kabati likafa, na kiwanda kikafuata. Soko huria liliingia na mafuta ya nje yakamwagika madukani. Wakubwa wakatangaza kwamba kiwanda ni mzigo, kikauzwa vipande vipande, huyu mashine, yule mabati. Alute, aliyekuwa meneja, yule yule aliyekifikisha pale, akajitokeza kununua bwalo. Mtu anaua ng'ombe halafu anagawiwa paja. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana waliotakiwa kuuliza nao walikuwa wanakula.

Manase alifungua mlango wa nyuma wa kabati siku hiyo hiyo. Panya walikuwa wamezaa humo. Alitoa matambara, maganda ya alizeti, mende wakavu. Kabla ya kugusa kioo alichukua bisibisi aliyoifunga waya, ncha moja ya waya ardhini, akaipitisha chini ya kifuniko cha mpira nyuma ya kioo. Umeme ukalia *ta!* na cheche ya buluu ikaruka. Raheli, binti yake wa miaka kumi na tisa aliyekuwa anashona pembeni, akaruka na yeye.

"Baba! Si hujalichomeka?"

"Watu wa Alute walilijaribu juzi kule bwaloni, wakalichomoa. Linaweka umeme. Hata ukilichomoa linakaa na kitu chake ndani, linakusubiri."

"Kama bibi yangu wa Kinyangiri," alisema Raheli, na Manase akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Alifanya kazi siku nne. Alisugua vipande vya shaba kwa petroli na mswaki. Alipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, kwa sababu cha umeme kilishaungua. Mbao zilizovimba alizipiga randa, akazibana kwa gundi na mawe. Kirungu cha mkono wa kuchezea kilikuwa kimepotea, akaweka cha gia ya lori bovu. Vitufe viwili akavibadili kwa vitufe vya kengele ya mlangoni. Siku ya tatu kioo kilianza kupumua, kijani hafifu, halafu vyombo vikashuka safu kwa safu. Manase alisimama akiviangalia. Alijikuta anatazama upande wa kushoto wa kabati, pale ambapo bega la Yustina lilikuwa likiegemea mpaka rangi ikatoka.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki. Waya wa ethi, ule wa kijani unaochukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini usimpitie mtu, ulikuwa umekatwa. Alikata kipande kipya na kukiweka mezani.

Ardhi ya Singida ni kavu. Fundi wa hapa anajua kwamba fimbo ya shaba inayopokea waya huo unaichimbia nyuma ya nyumba, na kiangazi chote unaimwagia maji ya chumvi, la sivyo ni pambo. Kwa Manase hiyo ilikuwa kazi ya Raheli. Kila Jumapili anachota dumu moja ziwani Kindai, na kila jioni anapeleka kopo moja kwenye fimbo. Kiwandani fimbo zilikuwa sita. Biashara ya chuma chakavu na shaba ilipopata ruksa, zikang'olewa zote sita. Hakuna aliyemwona aliyezing'oa, lakini lori lililozibeba lilitoka getini na karatasi yenye sahihi.

Manase aliandika kwenye kitabu cha hitilafu: mashine ya kukamua namba mbili haina ethi, itaua mtu. Aliandika mara tatu, kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Mara tatu Alute alijibu pembeni kwa neno moja, *Nimeona*, na kusaini. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, sakafu imetoka kuoshwa, Yustina aliushika mguu wa mashine ile ili avute ufagio ulionasa chini yake.

Ripoti iliandikwa kwa ufupi. Marehemu hakuvaa buti. Buti zenyewe hazikuwahi kugawiwa tangu kiwanda kifunguliwe.

Alhamisi mchana Alute alipita. Hakushuka. Aliegesha pikapu nje ya uzio, akateremsha kioo.

"Fundi! Kabati langu linaendeleaje?"

"Lilikuwa na panya."

"Panya siyo hitilafu, ni kitoweo!" Alicheka peke yake, halafu akalegeza sauti. "Na wewe ukipata kazi unatulia, nakuona. Yale ya mama Raheli yalishapita, Manase. Ni kazi ya Mungu. Usiyaweke moyoni."

"Mungu hakusaini kitabu," alisema Manase. Lakini alisema chini kwa chini, na injini ilikuwa inaunguruma.

"Unasemaje?"

"Nasema njoo kesho saa nne."

Pikapu iliondoka. Manase aliingia ndani, akautazama ule waya wa kijani mezani muda mrefu, kisha akauviringa na kuutia mfukoni. Badala yake aliuvuta kidogo waya wa moto, ule unaobeba umeme, akaumenya ngozi kwa wembe, akaulaza nyuma ya bamba la chuma. Kazi ya dakika mbili, baada ya siku nne za kazi ya haki.

Alimjua Alute. Mtu yule alinunua vitu vyote kama ng'ombe mnadani. Iwe gunia, meza au mashine, lazima kwanza akipige kofi la kiganja na kuuacha mkono juu yake. Na Manase alijua nyumba yake mwenyewe. Sakafu ya udongo, na viatu vinabaki mlangoni. Yustina alikuwa mkali kwa hilo, hata katekista alivua.

Ijumaa asubuhi alimwambia Raheli aende Ihanja kwa mama yake mdogo, Luciana.

"Kuna nini Ihanja?"

"Kuna mama yako mdogo."

"Si alikuwa hapa juzi, baba?"

"Basi karudishe salamu zake."

Raheli alimtazama, akachukua kitenge chake, akatoka. Manase alisubiri mpaka alipokata kona. Akachota maji kwenye beseni, akaanza kuyanyunyiza sebuleni kwa kiganja, kama wanawake wanavyotuliza vumbi mgeni anapokuja. Jirani yake, Theodora, alimwona kupitia mlango ulio wazi, akashika kiuno.

"Baba Raheli! Leo umeolewa?"

"Nina mgeni."

"Oa basi, acha kututia aibu!" Akaenda zake anacheka.

Manase alinyunyiza tena pale mbele ya kabati, mpaka udongo ukawa mweusi. Kisha akachomeka. Vyombo vya kijani vikashuka bila sauti. Aligusisha testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, kwenye bamba, na taa ndogo ndani yake ikawaka, nyekundu, imetulia. Akairudisha mfukoni, karibu na ule waya. Hakusikia furaha. Alisikia baridi miguuni, akakumbuka kupanda juu ya kibao kikavu, umeme usimpitie.

Alute alifika saa nne na nusu na vijana wawili wa kubeba, akawaacha garini.

"Karibu," alisema Manase. "Viatu ni pale."

"Mimi na wewe tena, Manase? Sikai." Akaingia navyo.

Vilikuwa viatu vya kahawia, soli ya raba nene kama tairi. Vilichapa alama mbili, nne, sita juu ya udongo uliolowa. Manase alivitazama. Miaka ishirini alikuwa amemwona mtu huyu akiingia kila mahali na viatu vyake, ofisini, kanisani, kwenye matanga ya Yustina. Vipi hakuliwaza hilo? Alikuwa amepanga kama mtu mwenye adabu anavyopanga, akidhani na mwenzake anayo.

"Hee! Lile lile!" Alute alikodoa macho kwenye kioo. Akainua kiganja, akalipiga bamba *pa!*, akauacha mkono pale pale. Hakuna kilichotokea; raba haipitishi umeme. Alisimama hivyo, mkono juu ya kifo, akisifu rangi.

"Fundi, wewe ni mchawi. Ule ufundi wako bado unao."

Mlangoni kulikuwa na kivuli.

"Basi la Ihanja limekatika ekseli stendi," alisema Raheli. Tayari alikuwa amevua ndala, kama mama yake alivyomfundisha. Akamwona mgeni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba! Huyu ndiye yule mdogo? Amekuwa mama mtupu. Njoo, binti, njoo utuchezee, tuone kama una mkono wa mama."

Raheli alitabasamu. Nyayo zake zilikanyaga pale penye alama za viatu, kwenye udongo mweusi. Mkono wa kushoto ukanyooka.

"Usiguse!"

Sauti ile Manase hakuijua kama ni yake. Aliruka kutoka kwenye kibao, akamsukuma binti kwa bega mpaka akaanguka juu ya cherehani, akaukamata waya na kuung'oa ukutani. Kioo kikazimika kwa nukta nyeupe katikati. Nukta ile ilikaa muda, ndipo ikafa.

Raheli alitazama sakafu iliyolowa, akalitazama beseni, halafu baba yake. Alikuwa mtoto wa fundi. "Ndiyo maana ya Ihanja?" aliuliza polepole.

Alute naye alikuwa akikitazama kiganja chake, halafu viatu vyake. "Lina umeme," alisema. "Ulijua?"

"Nimeona," alisema Manase.

Neno lile lilimfikia. Uso wa Alute ulibadilika, ukawa uso wa mzee mnene aliyechoka, na Manase akadhani sasa atalisema lile neno moja tu, nimekosa, analolisubiri miaka mitatu tangu Yustina afe. Alute alifuta kiganja kwenye suruali. Kisha akajinyoosha, akaita nje, "Vijana! Njooni mpakie."

"Halijakamilika."

"Limenipiga mimi? Halikunipiga. Kesho nina wageni wakubwa, fundi, tangazo limeshatoka. Nitaandika mlangoni, asiye na viatu haruhusiwi. Mtu akiingia peku ni shauri lake."

Manase alimsikiliza mpaka mwisho. Aliiona ripoti imeshaandikwa, fupi, na mwandiko anaujua. Hakuna bamba la chuma linalomfikia mtu kama huyu. Linawafikia wanaofagia, wanaobeba, wanaoingia kwa kujiiba wachungulie vyombo vya kijani. Yeye Manase mwenyewe ndiye aliyelaza ule waya, safari hii kwa mkono wake.

"Hakuna anayeligusa," aliwaambia vijana, na bisibisi ilikuwa mkononi. Wakasimama.

Alifungua mlango wa nyuma, akaufunga ngozi waya wa moto na kuurudisha njia yake. Akatoa mfukoni waya wa kijani, akaukaza kwenye bamba, mbele ya Alute anayeangalia saa.

"Bwaloni kwako ethi ipo?"

"Ipo, ipo."

"Haipo. Lori lililoibeba unalijua."

Alute aligeukia mlango, akasema jua linapanda.

Manase alichukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba. Udongo wa pale ulikuwa laini kwa maji ya Kindai ya miaka mingi, na fimbo ya shaba haikusumbua kutoka. Ilitoka na ukoko mweupe wa chumvi, ndefu kuliko mguu wa mtu. Aliibeba begani, akaichimbie bwaloni, na kupanda nyuma ya pikapu, akakaa juu ya kabati walilolipakia vijana kama mtu anayesindikiza jeneza.

"Usishike pasi," alimwambia Raheli. "Wala redio. Usichomeke kitu mpaka nitafute nyingine."

"Utaipata wapi, baba? Zimeuzwa zote."

Pikapu ilikuwa imeshaondoka.

Jioni Raheli alichota kopo lake kwenye dumu bila kuwaza, kwa mazoea tu, akazunguka nyuma. Palikuwa na shimo jembamba, refu, limekwenda chini mpaka giza. Alisimama nalo kopo mkononi. Ndani ya nyumba taa ilikuwa inawaka, hakukumbuka kama ni yeye aliyeiwasha, na lazima mtu aingie peku, aguse swichi, aizime.