Kitanda Kilichogoma Mlangoni

Nusu ya mtaa ililala kwenye vitanda vya seremala yule, naye mwenyewe alilala kwenye kimoja cha futi mbili na nusu. Alikipima kwa makusudi: mtu wa pili angeanguka kabla hajapata shuka.

Miaka minne nesi wa zahanati alikuwa akija jioni, wanakunywa chai, wanacheka, halafu seremala anakumbuka gundi inayokauka karakanani. Hakuna gundi duniani iliyowahi kukauka mara nyingi hivyo. Safari hii nesi alikuja na barua ya uhamisho, akasema taratibu kwamba atatoa jibu Jumamosi. Akikuta kitanda cha wawili chumbani, atabaki.

Seremala alianza kujitetea peke yake. Anakoroma. Anaongea usingizini, tena huenda anataja vipimo tu. Mtu wa miaka arobaini na sita, aliyewahi kung'olewa jino bila ganzi, eti anaogopa kuonwa amelala. Hata yeye alijicheka. Lakini alimpenda, basi akapiga randa siku tano: futi sita kwa sita, ubao wa kichwani laini kama shavu la mtoto.

Jumamosi dada yake mkubwa alikuja kumsaidia kukibeba. Kufika mlangoni, kikagoma. Wakakilaza ubavu, miguu ikakwama. Dada akainama kutafuta skrubu za kukifungua. Hakuna hata moja. Kila kiungo kimepigwa gundi.

"Miaka ishirini na saba unatengeneza vitanda vya kufunguka," alisema dada. "Hiki ni cha kuku wa uani?"

Nesi aliwakuta hapo. Akavigusa viungo, akaketi juu ya kitanda, mkoba mapajani.

"Mikono yako imeshanijibu, fundi. Nangoja mdomo."

Mdomo ukafunguka, zikatoka habari za unyevu wa mbao. Seremala akajisikia anavyokwepa, akaziacha mbao.

"Naogopa," akasema mwishowe. "Nakupenda, na naogopa utanijua."

"Nimekujua miaka minne. Huna siri kubwa kiasi hicho."

Dada akageuka ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Seremala akachukua msumeno, akakipita kitanda, akaanza na fremu ya mlango. Hadi adhuhuri alikuwa ameng'oa fremu na tofali kadhaa kila upande, na kitanda kikaingia.

Jioni, nesi akitandika shuka, aliuliza mlango utarudi lini. Seremala akaanza kueleza kwamba mbao bado mbichi, akakatiza maneno yake mwenyewe, akaenda kutafuta tepu ya kupimia.