Ofisa wa Zamu

Sentensi ile Lilian aliitunga mwenyewe, ofisini Dar es Salaam, na siku hiyo aliionea fahari: "Hakuna ishara iliyopokelewa na ofisa wa zamu." Ilikuwa kweli tupu. Jumapili kampuni haikuwa na ofisa wa zamu.

Kampuni iliwauzia wavuvi vifaa vya dharura vya setilaiti. Mtumbwi ukizama mvuvi anabonyeza kitufe, ishara inapanda juu na kushuka ofisini, kisha ofisa wa zamu anawapigia waokoaji. Kifungu cha saa za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, alikiweka Lilian, mwanasheria wao, ukurasa wa tisa wa mkataba, mahali ambapo hata shetani asingefika kusoma. Rwekaza, nahodha wa mtumbwi uliozama karibu na kisiwa cha Bumbire, Ziwa Victoria, alibonyeza mara thelathini na moja, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, siku ya Jumapili. Kumbukumbu zote alikuwa nazo Lilian kwenye kompyuta yake, zimeandikwa SIRI.

Sasa alikuwa Muleba, sebuleni kwa mama yake Rwekaza, na hati ya kusainiwa kwamba familia haina madai. Walimtuma yeye kwa kuwa ni Mhaya wa Kashozi. Mkurugenzi alisema watu humsikiliza mtu wao. Tangu ndege ilipotua Bukoba asubuhi alikuwa akijiambia kwamba kazi ni kazi, na siri ya mwajiri ni kiapo.

Mama Klaudia alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akamwekea punje kiganjani. Nyumba ilikuwa kimya mno kwa nyumba yenye msiba wa wiki tatu. Mama akaeleza mwenyewe, bila kulia. Rwekaza alikufa na vijana wawili wa kijiji hiki hiki, Yoeli na Kahangwa. Watu wanasema kifaa kilikuwa mikononi mwake, akazembea hata kukichaji, akawaua wenzake. Tangu mazishi hakuna anayemsalimia kisimani.

"Madai sina, mwanangu," alisema. "Nataka neno moja tu. Alibonyeza?"

Lilian alijua kwamba akisema ndiyo, mama huyu atarudishiwa mwanawe, na yeye atapoteza kazi na pengine uwakili wenyewe. Aliogopa, hakuna jina jingine la kuliita jambo lile. Akafungua faili akasoma sentensi yake polepole, kwa Kiswahili kilichonyooka. Hakuongeza wala hakupunguza.

Mama Klaudia akachukua kalamu, akaandika jina lake herufi moja moja, kama alivyofundishwa misheni. Lilian akadhani yamekwisha.

"Nisindikize, waitu," mama alisema, akijifunga kanga. "Wiki tatu nimebishana na watu. Siwezi kwenda peke yangu."

Walipita katikati ya kibanja, chini ya migomba, hadi kwa Jovina, mama yake Yoeli, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni. Jovina hakuinuka. Mama Klaudia, mwanamke wa miaka sabini, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akasema kwa Kihaya kwamba alikuwa amekataa kuamini, lakini leo amesomewa karatasi ya kampuni.

"Mwanangu hakubonyeza," alisema. "Angebonyeza, Yoeli wako angekuwa hapa. Nisamehe. Huyu ni mwanasheria, ndiye shahidi wangu."

Jovina akaweka kisu chini, akamwinulia Lilian macho. Idadi ile, thelathini na moja, ilikuwa bado ulimini mwa Lilian pamoja na uchungu wa kahawa.

"Ni kweli?" Jovina aliuliza.

Lilian alilibana faili kifuani, akaitikia kwa kichwa.