Hasira Huachwa Mlangoni

Mimi sina sauti nyororo, nisikudanganye. Kazi ya kutembeza wageni milimani haitaki sauti nyororo. Mgeni akikanyaga jiwe bovu huku Mbololo unamfokea kwanza, pole zinafuata baadaye. Lakini ukali niliokuwa nao kwa mdogo wangu Noah ulikuwa mwingine kabisa. Mama alipokuwa mahututi kule Mwatate, Noah alikuwa Mombasa, na akazima simu. Tukamzika mama bila yeye. Alikuja udongo wa kaburi umeshakauka, eti aliogopa. Aliogopa! Na mimi niliyemshika mama mkono, je, sikuogopa?

Nilimpa kazi ya kubeba hema na kupika kwa sababu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Lakini kumsemesha kwangu kulikuwa "beba," "weka," "washa moto," basi.

Safari hiyo tulikuwa na mgeni mmoja, Bi Mwanamvita, mama wa duka la vitambaa Voi. Alikuwa amesikia habari za mji wa mawe ulio juu kabisa, kuta zisizo na paa zilizomezwa na msitu. Kuufikia ni kutembea na kulala njiani. Nani aliujenga, hata babu zetu walikuwa wakiulizana.

"Mwanangu," aliniuliza huku akihema, "huko twendako kuna watu au ni majini matupu?"

"Ni mawe tu, Bi Mwanamvita. Panda."

Tulifika jua likiwa utosini. Mlango wa mji ule ni mawe mawili marefu yaliyosimama, na hapo kuna desturi. Baba, aliyefanya kazi hii kabla yangu, hakumruhusu mtu kupita na hasira. Unachukua maji kinywani, unayapuliza chini, unamtaja aliyekukosea na alichokufanyia, halafu unaiacha hasira pale pale. Sisi Wadawida, yaani Wataita, tunaita kutasa. "Ukiificha," baba alikuwa akisema, "mahali hapa pataichukua na kuitumia."

Bi Mwanamvita alisema yeye haabudu mawe, ila kusamehe ni jambo jema popote. "Bismillahi. Wifi yangu Nasima alinisengenya harusini, mbele za watu. Nimemsamehe." Akapuliza maji yake, akacheka. "Loo! Hata kifua kimekuwa chepesi."

Noah alipuliza yake akiangalia chini. "Nimejikasirikia mwenyewe," alisema. "Naiacha hapa."

Ikabaki zamu yangu. Nikapuliza, nikasema, "Mimi sina hasira na mtu."

Noah aliniangalia. Nilijitia hamnazo. Maji yao yalikuwa yameshanywewa na ardhi, lakini yangu yalikaa juu ya vumbi, matone matone, yakakataa kuzama. Nikayakanyaga na kiatu, nikaingia.

Ndani hapakuwa na ndege hata mmoja. Noah alikwenda nyuma ya kuta kutafuta kuni, na hakuwa amefika mbali ukungu uliposhuka. Ulishuka ghafla, mchana kweupe, hata ukuta uliokuwa karibu nasi ukapotea. Mimi na Bi Mwanamvita tuliketi tukala mkate. Ndipo mwanamke akaita.

"Noah... Noah, mdogo wangu..."

Bi Mwanamvita aliniangalia. Kinywa changu kilikuwa kimejaa mkate. Na sauti ile ilikuwa yangu.

"Wakesho, si wewe uliyeita?"

Nikatikisa kichwa.

"Audhubillahi!" alisema, akanishika mkono kwa nguvu.

Sauti ikaja tena, safari hii kutoka mbali zaidi, upande wa nyuma kwenye genge, pale mlima unapokatika ghafla. "Njoo, mdogo wangu. Usiogope. Nimekusamehe."

Nikaruka. "Noah! Rudi huku!" Na ukungu ukanijibu kwa sauti yangu mwenyewe, tamu, "Njoo huku." Nikaita, "Noah, tafadhali!" Genge likaita, "Noah, tafadhali!" Kila neno jema nililolitoa lilichukuliwa na kupelekwa kule kumvutia. Sikuona hata mahali pa kukimbilia.

Bi Mwanamvita alinivuta nimtazame. "Mwanangu, pale mlangoni ulisema kweli?"

Haki ya Mungu, nililipuka.

"Noah! Punda wewe! Mama alikuita mpaka sauti ikamwisha! Mimi ndiye niliyekuwa pale, na alikuwa akikuita wewe! Ulizima simu! Ulizima simu, Noah, ukaniacha peke yangu! Nina hasira na wewe, nalala nayo, naamka nayo! Rudi hapa nikuzabe makofi, kichwa maji wewe!"

Nililia mpaka nikapiga magoti. Sauti ile ya genge haikuyarudisha maneno hayo. Ilinyamaza.

Baadaye tukasikia vijiti vikivunjika, na Noah akatokea kwenye ukungu. Kiatu kimoja hakipo.

"Uliniambia umenisamehe," alisema. "Nikaja. Nimefika mahali nimeweka mguu, chini hakuna kitu. Ndipo nikasikia matusi huku nyuma. Nikajua dada yangu ni yule."

Nilimkumbatia, nikamlilia shingoni. Yale niliyoyashikilia yaliishia pale, na sasa nasema kweli. Tulipopita mlangoni kushuka, niliangalia chini. Matone yangu yalikuwa yamezama, vumbi kavu.

Kesho yake asubuhi, kwenye kambi ya chini, nilichemsha chai mwenyewe, ya maziwa, jinsi anavyoipenda. Noah alikuwa akikunja hema, amenipa mgongo. Nilijisikia mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nilimwita vizuri.

"Noah, mdogo wangu, njoo unywe chai."

Mikono yake ikasimama. Hakugeuka.

"Noah," niliita tena kwa upole. "Ni mimi."

Nikaona mguu wake ukipapasa majani mbele yake, taratibu, akihakikisha kama chini kuna ardhi. Bi Mwanamvita aliweka kikombe chini, akaniangalia kwa huruma.

Nilifuta machozi kwa kanga, nikapaza sauti.

"Wewe punda! Chai inapoa!"

Akageuka, akatabasamu, akaja.