Uzio wa Chemchemini

Saa kumi na moja na robo alfajiri, mwezi wa Aprili, kwale dume mmoja alikuwa akicheza ngoma ya kuwaita majike, peke yake, kwenye uwanda ulio chini ya nyumba ya Dorrance Etchart. Alijaza kifua hewa, akaiachia kwa mlio kama wa matone yanayodondokea pipani, akangoja. Mke wa Dorrance, Ione, alipokuwa hai, madume walijaa hapo, na wawili hao waliwasikia wakiwa jikoni.

Dorrance alitazama kwa darubini akiwa ndani ya pikapu. Sababu ya upweke wa dume aliijua. Ng'ombe wake walikula nyasi wakati wa kiangazi. Farasi mwitu walikula mwaka mzima. Nyasi zilizobaki hazikuweza kuficha yai, na kunguru wana macho.

Kisha jike mmoja akatokea vichakani.

Akitotoa, vifaranga wangehitaji wadudu wa kwenye majani mabichi, na majani hayo yaliota chemchemini tu, ambako kwato zilikuwa zimegeuza kila kitu tope. Dorrance aliwahamisha ng'ombe siku hiyohiyo. Farasi hakuweza kuwagusa, sheria inawalinda. Akaanza kuzungushia chemchemi seng'enge.

Jirani yake, Lavelle, alipita na lori, akashusha kioo.

"We mzee, unamjengea nani?"

"Kwale."

"Wako wangapi?"

"Jike mmoja."

"Loo! Marehemu mume wangu hakunijengea hata banda la kuku." Akautazama waya uliokazwa. "Mbona hujaning'iniza vile vipande vyeupe vya plastiki?"

"Ione ndiye aliyekuwa akivikata. Viko ghalani."

"Vifunge leo, Dorrance. Ndege hao huruka chinichini, na gizani waya hawauoni."

"Kwani mimi nimehamia huku jana? Nitavifunga kesho."

"Haya. Njoo basi ule kwetu."

"Siku nyingine."

Jioni alifungua mlango wa ghala. Boksi la vipande lilikuwa rafuni, mkasi wa Ione juu yake. Akaufunga mlango bila kuvigusa.

Alfajiri alimkuta jike chini ya waya wa juu, shingo imevunjika, manyoya ya kifua yamenasa kwenye miiba. Farasi walikuwa wamesimama nje ya uzio, wakiyaangalia maji.

Dorrance alikwenda ghalani, akaleta boksi. Akavifunga vipande vyote, nguzo hadi nguzo. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshatoka, na kule uwandani dume alikuwa bado anacheza.